Sakafu Imeng'olewa: Niliyoyasema Kaloleni

Haya ndiyo niliyoyasema Jumapili alasiri katika ukumbi wa kijamii wa Kaloleni, Nairobi, mbele ya madijei, maweita, wenye vilabu na wakazi wa mtaa. Wenzetu wengi walikuwa zamu siku hiyo, ndiyo maana nayaweka hapa yote.

Hamjambo? Wa nyuma, hamjambo?

Wazee wetu wa Kaloleni, asanteni kwa kutufungulia mlango. Mheshimiwa wa wadi, shikamoo. Wachungaji wawili ninaowaona pale dirishani, karibuni sana. Wenye vilabu, madijei, mabaunsa, maweita wenzangu, na nyinyi wanangu mliokuja kwa sababu mlisikia kutakuwa na muziki, muziki utakuwepo. Nipeni sikio kwanza.

Mimi nimekula mkate wa usiku tangu mwaka 1991. Nilianza nikiosha glasi, nikawa weita, nikawa keshia, mwisho nikawa msimamizi wa ukumbi. Msimamizi wa ukumbi ni yule mtu anayezunguka usiku kucha kuona nani amezidiwa na kinywaji, nani anamsumbua binti wa watu, na taa ipi imeungua. Watoto wangu watatu wamesoma kwa pesa za usiku. Nasema hivyo mbele ya wachungaji bila kuona haya.

Nimekuja na kitu. Naomba kipitishwe, kila mmoja akishike. Ni kibao cha mvule, urefu wake kama kiganja, upana vidole vinne. Upande wa chini una gundi nyeusi. Upande wa juu pitisheni kidole. Mnasikia kilivyolainika? Hakuna msasa uliofanya hivyo. Ni nyayo za watu, miaka kwa miaka. Hapo kwenye kona kuna kijishimo kidogo, ni kisigino cha mwanamke. Nitawaambia kilikotoka. Endeleeni kukipitisha.

Kila nikikaa na watu siku hizi nasikia swali moja: raha ya Nairobi imeenda wapi? Mwingine anasema vijana hawana pesa. Mwingine anasema serikali imebana pombe. Mwingine anasema watu wamechoka na kelele. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Lakini mimi nimesimama pembeni ya sakafu ya densi kwa zaidi ya miaka 30, na nawaambia kitu tunachopoteza hakijatajwa na hata mmoja wao. Tunapoteza sakafu. Ile nafasi tupu katikati ya ukumbi ambayo mtu yeyote aliyelipa mlangoni alikuwa na haki ya kuikanyaga. Pombe ipo. Spika zipo, tena kubwa kuliko zamani. Sakafu ndiyo imekwenda.

Mko juu ya sakafu yenye historia, mnajua? Mtaa huu ulijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Walitakiwa mchana, usiku hawakutakiwa. Mwafrika aliyeonekana katikati ya mji usiku bila pasi alikamatwa. Wazee wetu wakacheza huku, kwenye kumbi kama hii, Jumamosi jioni, gitaa na viatu vilivyopigwa rangi. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, kafyu ikaja, usiku ukafungwa kabisa. Kwa hiyo nikimsikia mtu akisema densi ni tabia ya kigeni iliyoletwa na madijei wa juzi, namwambia njoo Kaloleni uwaulize wazee. Katika mji huu, kutoka usiku na kucheza ni kitu ambacho watu walikidai kabla ya uhuru.

Uhuru ulipokuja, watu wakaingia mjini kwa miguu yao. Kukawa na Hallian's kule Tom Mboya Street. Kukawa na Starlight kule juu, jirani na ilipo Integrity Centre leo. Kukawa na Garden Square karibu na jumba la mikutano la KICC. Niambieni, nani hapa aliyecheza Garden Square? Inueni mikono. Ona! Ona mikono! Mama, wewe pia? Basi mtanisaidia kusimulia. Wanamuziki kutoka Kongo na Tanzania waliufanya mji huu kuwa kwao: Simba Wanyika, Les Wanyika, Les Mangelepa, Super Mazembe, Orchestra Virunga. Walirekodi hapa, sahani zao za muziki zikauzwa River Road, zikasafiri Afrika Mashariki nzima. Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, kwa ombi la Kongo zote mbili. Ni haki yao kabisa. Ila kuna rumba iliyopikwa jikoni kwetu, na jikoni kwenyewe hatukuweka hata bango.

Katikati ya miaka ya 1980 vibali vya kazi vya wanamuziki wa kigeni vikakazwa. Bendi zikasambaratika, nyingine zikahama. Hilo lilikuwa pigo la kwanza nililolisikia kwa masikio yangu, kwa sababu mjomba wangu alikuwa akibeba vyombo vya bendi, na mwezi mmoja tu akawa hana cha kubeba. Disko ndilo lililoziba pengo. Wa umri wangu mnaikumbuka Florida ya Koinange Street, ile ya duara, iliyokaa juu ya kituo cha petroli kama chombo kilichoshuka kutoka angani. Na dada yake, Florida 2000, Moi Avenue. Mnakumbuka zile densi za mchana za wanafunzi, soda mkononi, na mama anakungoja nyumbani kabla giza halijaingia? Mimi ndipo nilipojifunza kucheza bila kumwangalia mtu usoni.

Sasa nawauliza. Starlight iko wapi? Haipo. Florida ya Koinange iko wapi? Ilivunjwa. Simmers, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Muindi Mbingu, mahali ambapo mtu alitoka ofisini akaingia moja kwa moja kwenye rumba, iko wapi? Ilibomolewa mwaka 2018. Simmers haikufa kwa kukosa watu. Watu walikuwepo hadi mwisho. Kilichokosekana ni haki ya kubaki pale.

Hapa nataka mnifuate polepole, kwa sababu mambo haya watu huyatenganisha, na yameshikana kama shanga kwenye uzi mmoja.

Chukueni ukumbi wa katikati ya mji unaobeba watu 300. Sakafu ya densi haina kitu juu yake. Haiuzi. Saa za mchana imelala. Mwenye jengo akipiga hesabu, anaona akikata ukumbi ule kuwa vibanda vya nguo na simu, kila kibanda kina kodi yake ya mwezi na gudwili yake, ile pesa ya kuingilia. Nani atamlaumu? Ukipita Moi Avenue au Tom Mboya leo, panda ngazi za majengo yale, utapita katikati ya vibanda ambavyo zamani palikuwa na jukwaa. Mimi nimenunua sare ya shule ya mjukuu wangu mahali ambapo nilikuwa nikihesabu pesa za mlangoni saa nane za usiku. Nilisimama pale na sare mkononi, yule binti wa duka akaniuliza, mama, umepoteza kitu?

Basi klabu zikahama. Zikaenda wapi? Zikaenda tunakolala. Kilimani, Lang'ata, Roysambu, Kiambu Road, na baada ya barabara kuu ya Thika kukamilika 2012, kando yake kote. Na hapa ndipo kelele ilipozaliwa. Sikilizeni vizuri. Klabu za mjini zilikuwa chini ya majengo au ghorofani, kuta za zege, na majirani zake walikuwa ofisi tupu. Ukipiga muziki saa tisa usiku Koinange Street unamwamsha nani? Klabu za mitaani zimejengwa kwa mabati, mahema na nyavu za kivuli, tena ukutani kwa nyumba ya mtu. Fundi mmoja wa sauti alinieleza jambo ambalo sijalisahau. Besi inayotikisa mara 50 kwa sekunde, wimbi lake moja lina urefu wa karibu mita saba. Bati litalizuia wapi? Linapita kama upepo kwenye pazia.

Nitawasimulia habari ya jirani mmoja. Ni nesi, wa zamu. Mwaka mmoja klabu moja niliyowahi kusimamia ilihamia nyuma ya ploti yao. Alikuja mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa upole, mara ya tatu akanishika mkono akaniambia, mama, njoo uone. Ilikuwa saa sita na nusu usiku. Nikapanda naye hadi ghorofa ya pili. Chumbani kulikuwa na mtoto wa miezi minne kitandani, macho wazi, halii, anatazama dari. Kando ya kitanda kulikuwa na glasi ya maji juu ya kabati. Maji yale yalikuwa yanafanya miduara. Kila dijei anapopiga, mduara. Muziki wenyewe sikuusikia, maneno ya wimbo hayakufika pale. Ni mduara tu, na mduara, na mduara. Nesi hakuniambia neno. Alinionyesha glasi.

Niwaambie ukweli, madijei wangu: yule dada hakuwa na kosa. Tusije hapa kujifanya wakazi wa Nairobi wanachukia raha. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinasema katika makazi, usiku, sauti isizidi desibeli 35, na usiku wenyewe unaanza saa mbili na dakika moja jioni. Desibeli 35 ni nini? Imezidi mnong'ono kidogo tu. Hakuna klabu ya mabati duniani itakayofikia hapo. Kwa hiyo tulikuwa tunavunja sheria kila usiku, wote, kuanzia saa mbili na dakika moja. Na mtu anayevunja sheria kila usiku, mnajua kinachompata. Wanakuja watu Ijumaa, wanasimama kaunta, hawanywi kitu, wanangoja bahasha. Mimi nimeiandaa bahasha hiyo kwa mikono hii. Sijivunii. Pesa za bahasha za miaka mitatu zingejenga ukuta wa pili wa kuzuia besi na mpira wa kuwekea spika chini. Nilizihesabu. Zingetosha na kubaki.

Mwishowe, Novemba 2022, kaunti ikatangaza kufuta leseni za vilabu vya usiku vilivyo katika mitaa ya makazi. Kwa nesi ile ilikuwa habari njema, na mimi nilimfurahia. Lakini hakuna aliyesema vilabu virudi wapi, maana mjini vibanda vimejaa. Mnaona uzi ule? Mji ulitufukuza, tukaenda mitaani, tukawaamsha watoto, mitaa ikatufukuza. Sakafu haina pa kukaa.

Msidhani ni sisi tu. Uingereza mwaka 2005 ilikuwa na vilabu vya usiku 3,144, na kufika 2015 vilibaki 1,733. Kule Berlin watu walikuwa na neno lao la kifo cha klabu, wakapigana miaka mingi, na Mei 2021 bunge la Ujerumani likapitisha azimio kwamba klabu zenye muziki zihesabiwe pamoja na kumbi za utamaduni katika sheria za ujenzi, badala ya kuwekwa kundi moja na kamari na madanguro. Uingereza nao wakaingiza katika mwongozo wa mipango miji, mwaka 2018, kanuni moja nzuri sana: anayekuja nyuma ndiye anayebeba mzigo. Ukijenga nyumba kando ya ukumbi wa muziki uliokuwepo, wewe mjenzi ndiye unayeziba sauti. Na ukumbi ukija kando ya nyumba za watu, ukumbi ndio unaoziba. Kwa kanuni hiyo nesi angeshinda, na Simmers ingekuwa na cha kusema. Mheshimiwa wa wadi, hilo naomba uliandike.

Nije kwenye sheria ya pombe. Sheria ya mwaka 2010, ambayo wengi mnaiita ya Mututho, kwa jina la mbunge aliyeileta, inaipa baa saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, na wikendi inaanza saa nane mchana. Klabu ya usiku inapewa saa moja jioni hadi saa tisa usiku. Saa tisa. Mimi nauliza, aliyeandika saa tisa alikuwa na gari?

Kulikuwa na binti wa kwetu, weita, mpole, anaishi Kayole. Tunafunga saa tisa, matatu ya kwanza ni saa kumi na moja alfajiri. Hapo katikati kuna saa mbili. Zamani saa mbili hizo zilikuwa ndani ya muziki. Mtu alicheza hadi kukuche, akatoka na wenzake, akapanda matatu ya kwanza akiwa na vumbi la sakafu kwenye viatu. Siku hiyo mwenye klabu alitutoa wote akafunga kwa kufuli. Binti akaamua kutembea na mwenzake hadi stendi. Kwenye daraja la miguu wakakutana na vijana wanne. Walichukua simu, walichukua bakshishi za usiku mzima, walichukua viatu. Alirudi akabisha mlango wa klabu kwa kiganja, pekupeku, na mlinzi ndiye aliyemfungulia. Tangu siku hiyo tukawa tunalala ndani kwa siri. Taa zimezimwa, mlango umefungwa, wasichana 11 wameweka vichwa juu ya meza, viatu mapajani. Tukikutwa, tungeshtakiwa kwa kuendesha klabu nje ya saa. Je, hiyo ni sheria ya kumlinda nani?

Sheria ile inajua pombe. Inajua chupa, umri, saa na umbali. Haijui densi. Ukitafuta ndani yake sakafu, huioni. Kwa hiyo kila pombe inapofanya ubaya, sakafu ndiyo inayochapwa. Februari 2024 ndugu zetu walikufa Kirinyaga kwa pombe ya sumu, msiba mkubwa, na Machi serikali ikatangaza hatua 25. Julai 2025 ikaja sera ya kutaka umri wa kunywa upandishwe kutoka 18 hadi 21. Mimi sipingi mtu kulinda watoto. Nimewatoa watoto wengi mlangoni kwa mkono wangu. Ila nauliza, kijana wa miaka 19 anayetaka kucheza tu, na soda yake kama sisi zamani, amewekewa wapi?

Kulikuwa na mengine, nayapitia haraka. Oktoba 2011 gruneti ilirushwa katika baa moja Mfangano Street, na tangu hapo mlango wa klabu ukawa mahali pa kupapaswa. Alkoblo, vile vipimo vya pombe kwa madereva, zikaja barabarani mwishoni mwa 2013. Hizo naziunga mkono, nimezika wateja. Bei ya bia imepanda. Na simu: watu wanaogopa kucheza kwa sababu kesho yake wanajikuta wamerekodiwa, wanachekwa na watu wasiowajua. Wanangu, mnanielewa hapo. Naona mnatikisa vichwa.

Halafu kafyu ya korona. Tarehe 27 Machi 2020 hadi 20 Oktoba 2021. Karibu miezi 19. Mwanzoni tulitakiwa ndani saa moja jioni. Madijei wangapi hapa waliuza vyombo? Inueni mikono. Tunaona. Weita wangapi walirudi mashambani? Miezi 19 inatosha mtoto kuzaliwa na kutembea. Inatosha pia watu kujifunza tabia nyingine: kunywa mchana, kualikana nyumbani na spika ndogo ya betri, kulala mapema. Tulipofungua tukafikiri watarudi kama walivyoondoka. Walirudi, lakini walirudi wakiwa wamekaa.

Kibao kimefika wapi? Kiko kwa nani? Asante, mwanangu, kishike hivyo hivyo, nakuja kwako.

Mwaka 2022, Jumatatu moja asubuhi, mwenye klabu niliyosimamia aliniita nikamfungulie mafundi. Walikuwa wawili, na tindo na mtaimbo. Aliniambia biashara imebadilika, sasa watu wanataka meza na chupa. Mtu anayecheza anakunywa maji, anayekaa ananunua. Sakafu ile ilikuwa ya mvule, vibao vimepangwa kama ukili wa mkeka, na ilikuwepo kabla yangu. Nilikuwa nimeipaka nta kwa miaka. Niliijua kama uso wa mtu. Karibu na spika ya kushoto kulikuwa na bonde dogo, mahali ambapo wanawake waliokuja bila mtu walipenda kucheza, maana baunsa alisimama karibu na hakuna aliyewasumbua. Bonde lile lilichimbwa na miguu ya wanawake waliojisikia salama.

Mafundi wakaanza upande huo. Kila kibao kilipong'oka kilitoa mlio kama jino. Chini yake tukakuta pini za nywele, sarafu za zamani, kifungo cha koti, ufunguo mmoja, na hereni. Hereni nyingi, lakini moja moja, hakuna pea. Fundi mdogo alikuwa anaziweka kwenye kofia yake. Akaniuliza, mama, hizi za nani? Nikashindwa kumjibu, nikatoka nje.

Jioni ile zilikuwepo meza 14 mahali walipocheza watu 120. Kila meza na kiwango chake cha chini cha kutumia. Nawaambia kilichofuata, kwa sababu nilisimama mlangoni nikakiona. Fundi wa magari aliyekuwa akija kila Ijumaa na shilingi 500, analipa mlango, anakunywa mbili, anacheza hadi asubuhi, alichungulia, akaona meza, akaniaga. Yule karani wa mahakama na mkewe, waliocheza rumba kwa hatua ndogo ndogo kama watu wanaozungumza, hawakurudi. Waliobaki walikaa kila kundi na meza yake, wakitazama meza ya jirani ina chupa gani. Miaka yote ile nilikuwa nimeona wakili na kondakta wa matatu wakicheza bega kwa bega, wala hakuna aliyemuuliza mwenzake anatoka kijiji gani. Mwaka huo huo wa uchaguzi nilihitaji sana kuona kitu kama hicho. Nikaona meza.

Mwaka uliofuata klabu ilifungwa. Meza nazo hazikuiokoa. Nilichukua kibao kimoja kutoka kwenye lundo lililokuwa limewekwa kwa kuni, na ndicho hicho mlichokishika.

Sasa ombi langu. Wenye vilabu, rudisheni sakafu, hata iwe ndogo, hata meza nne ziondoke. Zibeni besi kabla hamjanunua taa mpya. Pigeni hesabu ya bahasha kama nilivyopiga mimi. Madijei, mwangalieni mtu wa kando ya spika, msiangalie meza yenye chupa nyingi. Wachungaji, kanuni ile ya desibeli 35 inawahusu na nyinyi kwenye kesha zenu, kwa hiyo tuko mtumbwi mmoja. Tukae pamoja tumwendee mwenye kuandika sheria tukiwa na jirani nesi katikati yetu.

Na wewe, Mheshimiwa. Kaunti ina kumbi za kijamii mtaani kote. Huu hapa. Pumwani nao upo. Zina kuta za mawe, zina sakafu, hazina kodi ya gudwili. Kuna kumbi ngapi Jumamosi jioni zina kufuli mlangoni na giza ndani? Tunaomba Jumamosi moja kwa mwezi, katika kila ukumbi. Kiingilio kidogo, soda na chai kaunta, matatu mbili zilizopangwa za kurudisha watu, na mtu wa kupima sauti nje ya dirisha la jirani. Mimi najitolea kusimamia ya kwanza bila malipo. Nimeshawaandikia. Barua ninayo, nitakupa nakala ukitoka, na mbele ya watu hawa utaniambia ni lini unajibu.

Vijana wa nyuma, naomba mbebe viti, mviweke ukutani. Polepole, msiburute, mnakwaruza sakafu. Wazee, kaeni tu, tutawaachia mstari wa mbele. Mama wa Garden Square, naomba uanze wewe, chagua wa kucheza naye. Dijei, weka rumba kwanza, hayo mengine yatafuata. Sasa ni saa kumi na nusu. Tuna hadi saa mbili kamili, halafu tunazima.